Miaka Arobaini na Moja kwenye Jiwe la Kusikia

Leo, tarehe 31 Machi 1993, Bwana Kurosaka Tomeji anastaafu baada ya kukitumikia kituo chetu cha kufua umeme cha Hinokura kwa miaka arobaini na moja kamili. Aliajiriwa tarehe 1 Aprili 1952, akiwa na umri wa miaka kumi na tisa, na tangu siku hiyo kazi yake imekuwa moja tu: kuyapa maporomoko maji yake. Hakuwahi kupanda cheo. Mara mbili aliombwa ahamie ofisini, na mara zote mbili alikataa akisema kwamba ofisini hakuna cha kusikiliza.

Ukurasa huu wa jarida ulipaswa kuandikwa na mkuu wa kituo, Bwana Nishiwaki. Lakini yeye ana miaka mitatu tu hapa. Aliniita akaniambia, "Tsugaru, wewe umezungusha gurudumu la lango miaka ishirini na moja ukimtazama yule mzee. Andika wewe. Andika kama unavyosema, herufi nitarekebisha mimi." Basi naandika kama ninavyosema, na herufi zitakazokosewa ni zake. Tsugaru ni kwetu, kaskazini mwa mbali. Hapa sijawahi kuitwa jina lingine, na aliyeanza kuniita hivyo ni huyu huyu anayestaafu leo.

Wapo vijana wa mitambo ambao hawajapata kupanda mpaka kwenye lango, na pengine wanadhani Tome-san, kama tunavyomwita sote, alikuwa akilipwa kwa kusimama. Nao hawajakosea sana.

Kabla ya mwaka 1927 maji yote ya mto yalianguka Hinokura. Wakata miti wa zamani walikuwa wakisukuma magogo yao mtoni mpaka kwenye ukingo, wanayaachia yaanguke, kisha wanashuka kuyakusanya chini. Waliokufa katika kazi hiyo ni ishirini na wanane, na majina yao yamechongwa kwenye jiwe lililo kando ya ngazi. Kampuni ilipokuja kutaka maji ya kufulia umeme, wanakijiji walikaa hekaluni siku tatu. Hawakukataa taa. Walichokataa ni maporomoko yao kugeuka mwamba mkavu. Kampuni ikaleta namba za kiasi cha maji ambacho ingebakiza. Wazee walizitazama zile namba wakasema hawazijui, na kitu wasichokijua hawawezi kukitia muhuri. Wakaandika masharti kwa maneno yao wenyewe, na kampuni ikasaini, nadhani kwa kucheka.

Masharti hayo yanasema kwamba kuanzia siku ya kwanza ya Aprili hadi siku ya mwisho ya Novemba, tangu saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, yaachwe maji ya kutosha ili mtu mwenye masikio mazima, akisimama kwenye Jiwe la Kusikia, aisikie sauti ya maporomoko juu ya sauti ya mkondo. Basi. Hakuna namba hata moja.

Kwa hiyo kila asubuhi ilihitajika jozi ya watu. Mmoja anakaa juu kwenye lango la kuachia maji, kando ya ukingo, na gurudumu la chuma. Huyo ni mimi. Wa pili anashuka ngazi mia tatu na kumi na moja mpaka kwenye jiwe, akiwa na kitambaa cheupe kilichofungwa kwenye mti wa mwanzi. Huyo ni Tome-san. Mimi nazungusha kidogo, nasimama, nangoja. Nazungusha tena, nasimama, nangoja. Yeye ameyapa maporomoko mgongo, amefumba macho, mdomo ameuacha wazi kidogo. Akisikia, anainua kitambaa. Ninafunga breki ya gurudumu, nasoma alama kwenye fimbo ya lango, ambayo imegawanywa kwa upana wa vidole, nami naandika daftarini: tarehe, hali ya hewa, vidole vingapi.

Kazi hii alifundishwa na Mzee Hatori, msikilizaji wa kwanza. Kuyapa maporomoko mgongo, kwa sababu macho hudanganya masikio. Kupumua mara tatu kabla ya kuanza. Kutokunywa pombe ya mchele siku inayotangulia. Sharti hilo la mwisho Tome-san alilitimiza kuanzia Aprili hadi Novemba kila mwaka, na kuanzia Desemba hadi Machi alijilipa fidia yote. Wenzake wa meza ya Desemba wapo, waulizwe.

Siku ya kawaida alama ilikuwa vidole kumi na vinne. Baada ya mvua, mkondo ukipiga kelele, ilipanda kidogo. Wakati wa ukame ilishuka. Wale wazee wa hekaluni hawakuwa wajinga.

Kuna mambo machache ningependa yakumbukwe.

La kwanza ni la Agosti 1976. Mwanafunzi mmoja kutoka mjini aliruka kwenye dimbwi lililo chini ya maporomoko, na maji yakamkandamiza kwenye mwamba. Tome-san alikuwa kwenye jiwe akila chakula chake cha mchana. Aliinua kitambaa akakizungusha duara, ishara ambayo tulikuwa tumekubaliana lakini hatujawahi kuitumia, nami nikafunga lango lote. Maporomoko yalinyamaza katikati ya mchana mbele ya watalii mia mbili. Kijana akatambaa akatoka mwenyewe, akitetemeka. Wiki mbili baadaye makao makuu yalimletea Tome-san barua ya karipio kwa kufunga maji saa za wageni bila ruhusa. Aliisoma mara mbili, akaisaini, nakala yake akaenda nayo nyumbani, na mkewe Bi Shige akaitandika chini ya jiwe linalokandamiza mtungi wa kachumbari ya figili. Ipo mpaka leo. Anasema karatasi ya makao makuu ni nzuri, hailowi upesi.

La pili ni chakula chenyewe. Kila siku alibeba matonge matatu ya wali yenye plamu chachu ndani. Mawili alikula. La tatu aliliweka kwenye jiwe la wakata miti, na kila jioni halikuwepo. Nilipokuwa mgeni nilimwambia, "Tome-san, ni nyani wanaokula."

Akanijibu, "Najua ni nyani. Kwani wakata miti walikuwa wachoyo?"

La tatu alinisimulia mara moja tu, na hakulirudia. Naliandika kwa ruhusa yake.

Hinokura kuna desturi kwamba mtu anayesafiri mbali hupelekwa kwanza kwenye jiwe na watu wa nyumbani kwake, asikilize maporomoko, ndipo aende. Wakati wa vita, maji yote yalichukuliwa kwa ajili ya viwanda. Kuanzia Aprili 1942, kwa zaidi ya miaka mitatu, hakuna tone lililoanguka. Mwamba ulibaki uchi, umetoka mbavu. Mei 1944 kaka yake, Mosaku, aliitwa jeshini. Familia ilimpeleka kwenye jiwe kama kawaida, wakasimama, na hapakuwa na cha kusikia isipokuwa mkondo. Baba yao akasema, "Haya, twendeni." Mosaku akainama kwa mdogo wake, aliyekuwa na umri wa miaka kumi na mmoja, akamwambia, "Yakianza kulia tena, nisikilizie."

Mosaku alifia kisiwani huko kusini. Maji yalirudi vuli ya mwaka 1945. Nadhani sasa mnaelewa kwa nini ofisini hapakumfaa.

Nafika kwenye sehemu ambayo Bwana Nishiwaki alisema naweza kuiruka. Sitairuka, kwa sababu kijiji kizima kinaijua, na kwa sababu bila hiyo haya yote ni sifa za kawaida.

Mwaka 1983 alama ilianza kupanda. Siku ya kawaida ilifika kumi na tano. Mwaka uliofuata kumi na sita. Miaka ya karibuni ilikuwa kumi na tisa, na siku nyingine ishirini. Kidole kimoja ni mizunguko mitatu ya gurudumu, na gurudumu lile ni zito. Mabega yangu yaliijua habari hiyo kabla ya kichwa. Nilijua tangu mwaka wa pili kwamba maporomoko hayajapungua sauti, ila masikio ya Tome-san ndiyo yaliyopungua. Sikusema. Kwanza, mtu wa kuzungusha gurudumu hamwambii msikilizaji kwamba hasikii. Pili, maji yalikuwa mazuri. Yalikuwa makubwa, meupe, yakitoa moshi mpaka ng'ambo, na wageni waliongezeka kila mwaka. Bibi Fuki, mwenye kibanda cha chai kilicho chini ya ngazi, alilazimika kusogeza benchi zake nyuma mara mbili ili wateja wasilowe. Alikuwa akimpigia Tome-san kelele, "We mzee, mimi nauza chai, siuzi bafu." Lakini alikuwa akicheka, na mabirika yake yalikuwa yanachemka kutwa.

Bi Shige naye, kwa miaka tisa, alidhani mumewe amekuwa mkaidi wa uzeeni. Aliwaambia majirani, "Nikimwita anageuka pale anapotaka yeye."

Mwenyewe hakujua. Hilo nalishuhudia. Mtu anayeishiwa masikio polepole huona dunia ndiyo iliyopunguza sauti.

Septemba mwaka jana, baada ya kimbunga, gogo lilikwama chini ya lango. Nilizungusha mpaka kumi na nne, gurudumu likagoma. Nikangoja. Kitambaa hakikuinuka. Nikasukuma kwa miguu, nikasukuma kwa mgongo, wapi. Chini kule Tome-san amesimama na fimbo yake, anangoja. Walikuja wanawake wawili, wageni, wakasimama karibu naye wakatazama maporomoko. Mmoja alitaka kumwambia mwenzake kitu. Akainama akaweka mdomo karibu kabisa na sikio lake, mkono ameukunja, kama mtu afanyavyo penye kelele. Niliona kutoka juu. Tome-san naye, ambaye alikuwa amefumbua macho kwa sababu ya kuchoka kungoja, aliona.

Alishusha fimbo. Alipanda ngazi zote mia tatu na kumi na moja bila kupumzika, akanijia akiwa ameloa jasho. Akaniuliza, "Vidole vingapi?"

Nikamwonyesha kwa mikono: kumi, na vinne.

"Tangu lini nimekuwa nikiomba zaidi?"

Nikafungua daftari, nikalirudisha nyuma, daftari baada ya daftari, mpaka 1983, nikaweka kidole.

Akazifuata namba kwa kidole mpaka chini ya ukurasa. "Wewe ulijua?"

"Nilijua."

"Miaka kumi, Tsugaru."

"Tisa. Mwaka wa kwanza nilidhani ni gurudumu."

Nilitegemea kofi, na ningelikubali. Akaketi kwenye sakafu ya lango akavua viatu, akamimina maji ya mvua yaliyokuwemo. Kisha akasema, "Basi Mosaku nimemsikilizia miaka thelathini na moja tu."

Sasa msikilize mambo yalivyokaa. Kibali cha kampuni cha kutumia maji ya mto kilikuwa kinakwisha Machi hii, na serikali ilikuwa imesema kibali kipya lazima kiwe na namba. Mambo ya masikio basi. Mhandisi kutoka makao makuu, Bwana Segawa, alikuwa ameshakuja mwezi Agosti akazungumza na kijiji. Pendekezo lake lilikuwa la haki: wachukue daftari za miaka kumi ya mwisho, watafute wastani, namba hiyo iwe ya kudumu. Wastani huo ulikuwa karibu vidole kumi na vinane. Kijiji kilifurahi. Bibi Fuki aliagiza birika jipya. Kilichobaki ni kutia muhuri katika mkutano wa Oktoba.

Kwa maneno mengine, Tome-san alihitaji kunyamaza wiki nne tu, na maporomoko yangebaki makubwa daima. Waliojua ni watu wawili, na mimi nilikuwa nimeshanyamaza miaka tisa, wiki nne si kitu kwangu. Nilimwambia hivyo. Niliandika kwenye daftari ili asisingizie kwamba hakusikia: "Nyamaza. Wewe utastaafu, maji yatabaki."

Akaandika chini yake kwa kalamu yangu: "Mtu mwenye masikio mazima."

Katika mkutano ule, ukumbi ulijaa. Bwana Segawa alisoma namba yake, watu wakapiga makofi. Tome-san akasimama. Alizungumza kwa sauti kubwa kupita kiasi, kama viziwi wanavyozungumza, kwa hiyo hakuna aliyeweza kudai hakusikia. "Mkataba wa wazee unasema mtu mwenye masikio mazima," alisema. "Mimi siye. Tangu mwaka 1983 siye. Maji mnayoyaona ni ya kiziwi. Naomba radhi kwa kampuni kwa maji niliyoyachukua, na naomba radhi kwa kijiji kwa yatakayopungua." Akainama mpaka paji la uso likagusa meza.

Hakuna aliyepiga makofi. Mtu mmoja nyuma alisema, "Kakunywa huyu." Bibi Fuki, aliyekuwa mstari wa mbele, aliinuka akasema, "Tome-san, ungeweza kufa kesho na siri yako, ukatuachia maji yetu." Akatoka. Hakuzungumza naye tena.

Ikawa mbaya zaidi kuliko tulivyohofu. Makao makuu yaliposikia kwamba msikilizaji alikuwa kiziwi, yalisema basi daftari zote hazina maana, za zamani na za sasa, na yakaleta namba yao wenyewe: vidole vinane. Wanakijiji walipanda langoni siku moja nikawawekea vinane wavione. Maji yalikuwa kama mkojo wa farasi. Hilo nisamehewe, lakini ndivyo yalivyokuwa, mstari mmoja mwembamba kwenye ubavu wa mwamba, na kwenye jiwe usingesikia chochote. Tome-san aliyatazama kutoka chini. Alikuwa amesimama pale pale aliposimama na kaka yake, na mwamba ulikuwa karibu kama ule wa mwaka ule.

Wiki iliyofuata alikwenda kituoni akiwa na furushi la kitambaa cha bluu mgongoni, Bi Shige akimfuata na la pili. Yalikuwa madaftari thelathini na moja, ya mwaka 1952 hadi 1982. Aliyafungua mbele ya Bwana Segawa. Mhandisi yule alikaa nayo siku mbili bila kutoka isipokuwa kula tambi. Nami nilikuwa nampelekea makaa ya jiko. Siku ya pili aliniuliza, "Huyu bwana alisoma wapi?" Nikasema darasa la nane, hapa hapa. Akasema, "Mvua ya kiasi kile kile, alama ile ile. Miaka thelathini na moja. Sijawahi kuona chombo cha namna hii."

Akatoa sharti. Kijiji kichague mtu mmoja mwenye masikio mazima, apimwe na daktari, asimame kwenye jiwe siku ya hali ya hewa ya kawaida, ainue kitambaa akisikia. Alama ikilingana na madaftari ya zamani, ataandika alama hiyo na kuitetea makao makuu kwa cheo chake. Isipolingana, ni vinane. Na alama ya zamani ni ipi, kijiji kisiambiwe. Walioijua ni yeye, Bwana Nishiwaki, Tome-san na mimi. Tuliapa.

Kijiji kilimchagua Bibi Fuki. Ana umri wa miaka sitini na sita na anasikia kifuniko cha birika kikitikisika akiwa ng'ambo ya mto. Lakini mnaweza kukisia aliambiwa nini njiani. Jamaa walimwambia wazi: ukisikia, usiinue. Hesabu mpaka mia mbili ndipo uinue, tupate maji kama ya jana. Walidhani wanamsaidia. Kama angewasikiliza, angetupeleka kwenye vinane, na hakuna hata mmoja wetu aliyeruhusiwa kumwambia. Tome-san hakuweza kumwambia hata salamu, maana hawakuwa wakizungumza.

Ilikuwa Novemba 12, mawingu membamba, hakuna upepo. Kijiji kizima kilipanga mstari kwenye ngazi. Tome-san alisimama kando ya jiwe la wakata miti, mikono mfukoni, hasikii kitu, anatazama kitambaa ambacho safari hii hakuwa amekishika yeye.

Nikazungusha. Kumi. Nikangoja. Kumi na moja. Kumi na viwili. Bibi Fuki ameyapa maporomoko mgongo, amefumba macho. Kumi na vitatu. Mikono yangu ilikuwa inateleza kwenye chuma na haikuwa mvua. Kumi na vinne. Nikasimama, nikangoja. Sijawahi kungoja vile. Niliona kichwa chake kinatikisika kidogo kidogo, nikajua anahesabu kama walivyomwambia. Kisha kichwa kikatulia. Akainua kitambaa.

Nilifunga breki nikasoma alama, Bwana Nishiwaki akasoma, mtu wa kijiji akasoma. Kumi na vinne. Tukaitangaza kwa simu ya upepo. Chini, Bwana Segawa alivua kofia.

Kijiji hakikushangilia, kwa sababu kilikuwa bado hakijui kwamba kimeokoka. Kiliona tu maji madogo kuliko ya jana. Walipoelezwa, wengine walikaa chini kwenye ngazi. Bibi Fuki alimrudishia Bwana Nishiwaki fimbo akasema, "Nilifika saba. Nikashindwa. Yule mzee kasimama pale mbele yangu kama kanisomea mkataba usoni." Kisha akaenda kufungua kibanda chake, na majira yote ya baridi hakumsalimia Tome-san. Mimi namwelewa. Mtu anaweza kukusamehe kosa upesi kuliko anavyokusamehe kwa kumlazimisha awe mkweli.

Kibali kipya kinaanza kesho. Kwenye fimbo ya lango imepakwa rangi nyekundu kwenye alama ya kumi na nne, pamoja na jedwali la mvua na ukame ambalo Bwana Segawa alilitoa katika madaftari ya Tome-san. Kazi ya msikilizaji imefutwa. Hakuna atakayeshuka ngazi tena, na Tome-san ndiye wa mwisho. Mimi nitazungusha mpaka kwenye rangi na kufunga. Mabega yangu yanashukuru. Mengine yote yaliyomo ndani yangu hayajazoea.

Mafanikio ya mstaafu huyu, kama ninavyoyajua, ni haya: madaftari arobaini na moja, kijana mmoja aliyetoka majini akiwa hai, na maporomoko ambayo kesho yataanguka kwa kiasi kile kile ambacho wazee wa 1927 walikitaka, hakikuzidi wala hakikupungua. Anastaafu bila deni kwa mto wala kwa kijiji.

Jumatatu iliyopita nilipita kwenye kibanda cha chai. Bibi Fuki alikuwa anasukuma benchi zake mbele, kuelekea maporomoko, peke yake. Nikamsaidia. Miguu ya benchi iliingia kwenye vishimo vya zamani kwenye udongo kana kwamba haikuwahi kutoka. Akajifuta mikono akasema, "Vishimo bado vipo."

Nikasema, "Vipo, Bibi."

"Kesho, na keshokutwa, halafu ni tarehe moja, siyo?"

"Ndiyo. Lakini hakuna haja ya mtu kwenye jiwe sasa. Ni rangi tu."

Akaniangalia kama anavyowaangalia wateja wanaoacha chai nusu. "Rangi ni yenu nyie wa umeme. Mwambie Shige amlete mumewe saa mbili kasoro robo, na fimbo yake. Mimi nitamsikilizia. Kuinua atainua mwenyewe."

Kwa hiyo, Tome-san, kwa niaba ya kituo, asante kwa asubuhi zote hizo. Upate uzee mwepesi, figili zikolee, na Bi Shige akuite mpaka uchoke kugeuka. Mimi kesho nitazungusha mpaka kwenye rangi nyekundu kama kibali kinavyosema. Lakini breki sitaifunga mpaka nione kitambaa.